Milia Nyeusi Ubavuni mwa Pakiti: Simu Yasoma Nini, Nasi Twahukumu Nini?



Katika kumi la pili la Ramadhani, baada ya darsa ya alasiri ya akina mama, mama mmoja alisalia nyuma pamoja na bintiye aliye shule ya upili. Akaweka mezani pakiti ya peremende laini, zile za kutafuna zenye sura za wanyama ambazo watoto huzipenda siku ya Idi, na kando yake akaweka simu. "Sheikh," akaniambia, "tumelishwa haramu." Kwenye kioo cha simu palikuwa na duara jekundu, na chini yake maneno machache yaliyosema kuwa peremende hizo zina gelatini ya nguruwe.

Peremende zilinunuliwa katika duka la mtaani kwao, duka la mwanamke aliyefiwa na mumewe, auzaye vitu vidogo vidogo vya watoto ili asomeshe wanawe. Kabla mama huyu hajafika kwangu, picha ya ile pakiti ilikuwa imekwisha kutumwa katika vikundi viwili vya WhatsApp, na jina la duka limetajwa. Katoni tatu za bidhaa za Idi zilikuwa zimekaa dukani pasina mnunuzi, na wapo waliokuwa wamerudisha hata biskuti zisizohusika na neno hilo.

Sikutoa hukumu. Nilimwomba binti anionyeshe hatua kwa hatua alivyofanya. Alisema kwamba alijaribu kuisomesha simu ile milia nyeusi iliyo mgongoni mwa pakiti, simu ikakataa, kwa kuwa pakiti ilikuwa imekunjamana. Basi akaandika jina la peremende kwa mkono, programu ikamletea picha nyingi, naye akachagua iliyofanana na ile aliyoishika. Jibu jekundu lilitoka kwenye picha hiyo.

Hapo ndipo penye kasoro, nami nitalieleza jambo hili kwa urefu. Programu za namna hii zimeingia majikoni mwetu, wenye kuzitumia zaidi ni mama na mabinti zetu, na nia yao ni njema kabisa: wanaogopa tonge la haramu lisiingie vinywani mwa watoto wao. Lakini chombo chochote kisichojulikana vizuri humdanganya mwenye nia njema kama kimdanganyavyo mwenye nia mbaya.

MILIA HII NI NINI?

Wengi huiita bakodi. Wataalamu wa lugha wameipa jina la msimbo pau. Asili yake ni Marekani. Norman Joseph Woodland, ambaye utotoni alijifunza mlio wa nukta na vistari wa kupelekea simu za zamani, alikuwa ameketi ufukweni huko Miami akiwaza jinsi ya kuwasaidia wenye maduka kutambua bidhaa zao kwa haraka. Akatia vidole mchangani akavivuta kuelekea kwake, na katika ile mistari ya mchanga akaiona nukta na kistari vikirefushwa kwenda chini, mwembamba na mnene. Yeye na mwenziwe Bernard Silver walipata hataza ya uvumbuzi huo tarehe 7 Oktoba 1952. Watu wa pwani tusistaajabu. Mchanga wa bahari umefundisha wengi. Ila ilichukua zaidi ya miaka ishirini hadi mashine za kuusoma zipatikane kwa bei ya kuvumilika, na tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja kubwa mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ikawa bidhaa ya kwanza kupitishwa mbele ya mashine kwa msimbo tuutumiao leo.

Jambo la kushika ni hili: ndani ya milia hiyo hamna habari ya chakula. Hamna viungo, hamna bei, hamna tarehe ya kuharibika, wala hamna neno halali au haramu. Mna nambari tu, ile ile iliyoandikwa kwa tarakimu chini yake, kwa kawaida tarakimu 13. Mashine ya keshia ikishaisoma nambari, huenda kuuliza katika daftari la duka: nambari hii ni ya kitu gani, na bei yake ngapi? Ndiyo maana ikiwa bei ya rafuni ni nyingine na ya keshia ni nyingine, kosa si la milia. Ni la aliyesahau kurekebisha daftari, au aliyekusudia. Mama, simama uangalie risiti yako kabla ya kutoka mlangoni. Sura ya al-Mutaffifin haikuteremka kwa ajili ya mizani peke yake.

Tarakimu ya mwisho ina kazi ya pekee, nayo ni ya ulinzi. Chukua mfano wa kujifunzia: 1234567890128. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano, hadi ya kumi na moja: 1 na 3 na 5 na 7 na 9 na 1, jumla 26. Kisha jumlisha za nafasi ya pili, ya nne, hadi ya kumi na mbili: 2 na 4 na 6 na 8 na 0 na 2, jumla 22, zizidishe mara tatu zipate 66. Ukichanganya 26 na 66 wapata 92. Ili ufike kwenye kumi kamili inayofuata, yaani 100, pamebaki 8, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Simu hufanya hesabu hii kwa kufumba na kufumbua kila isomapo. Ikikosea tarakimu moja, hesabu haikubali, nayo hunyamaza badala ya kukupa jibu la kitu kingine. Kwa hiyo simu ikikataa kusoma, usiikasirikie. Imekataa kutoa ushahidi wa uongo, na laiti sote tungekuwa na tabia hiyo.

Nizungumzie na zile tarakimu tatu za mwanzo, kwani zimezusha maneno mengi. Kenya ina 616, Tanzania 620, Saudi Arabia 628, Falme za Kiarabu 629, India 890, na Uchina kuanzia 690 hadi 699. Mara kwa mara huzunguka jumbe zinazosema kwamba kwa kutazama tarakimu hizo utajua bidhaa imetengenezwa nchi gani. Si kweli. Zinaonyesha ni ofisi ya nchi gani iliyompa mwenye bidhaa nambari zake. Kampuni iliyosajiliwa Nairobi yaweza kuagiza bidhaa iliyotengenezwa na kufungwa ng'ambo, ikauzwa kwa 616. Na kampuni ya Ulaya yaweza kutengeneza kitu Mombasa kikabeba nambari ya kwao. Anayetaka kususia bidhaa za nchi fulani ana uhuru wake na sababu zake, lakini ushahidi wake autafute katika maneno yaliyochapishwa pakitini kuhusu mtengenezaji na nchi ya utengenezaji. Tarakimu tatu hazimtoshi.

JINSI YA KUISOMESHA SIMU

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Haya mengi nimefundishwa na vijana, mengine nimejifunza kwa kuharibu.

Kwanza futa jicho la kamera. Simu za jikoni hupakwa mafuta ya maandazi na unga wa tambi, na jicho lenye ukungu huona milia yote kuwa kivuli kimoja. Kitambaa laini cha pamba chatosha, au upindo wa leso iliyo safi.

Pili, tafuta mwanga ulioenea. Dirishani mchana ni bora kuliko chini ya taa kali, na tochi ya simu hudhuru mara nyingi kuliko isaidiavyo, kwa sababu karatasi ya plastiki inang'aa na weupe wa mng'ao hufuta milia. Ukiona mng'ao, usisogeze simu. Iinamishe pakiti kidogo upande mmoja hadi weupe uondoke juu ya milia.

Tatu, umbali. Kosa la wengi ni kuisogeza simu karibu mno, wakidhani ndivyo itakavyoona vizuri. Jicho la simu, kama jicho la mtu mzima wa umri wangu, halioni kitu kilichobandikwa puani. Anza mbali kiasi cha shibiri moja, tulia, ngoja picha ijitengeneze, ndipo usogee polepole. Ikiwa milia ni midogo sana, ni afadhali ubaki mbali na ukuze picha kwa vidole viwili kuliko kukaribia. Mkono ukitetemeka, na kwa wenye saumu saa kumi na moja jioni hutetemeka, egemeza kiwiko mezani.

Nne, hakikisha milia yote imeingia pamoja na ule weupe ulio kulia na kushoto kwake. Weupe huo si pambo. Kwa huo simu hujua wapi mstari wa kwanza umeanza na wa mwisho umekoma. Muuzaji akibandika stika ya bei juu ya ukingo, simu itashindwa hata kama milia yote inaonekana. Kinyume chake, milia ikichanika upande wa chini au wa juu si neno, kwani urefu wake ni marudio ya jambo lile lile: ukanda mmoja mwembamba ukatao milia yote kutoka ukingo hadi ukingo watosha.

Tano, unyooshe uso wa kitu. Pakiti iliyokunjamana ilaze mezani, isukume hewa na peremende upande mmoja, ivute pembe zake kwa vidole hadi mgongo unyooke. Chupa na mikebe ina shida yake: milia ikiwa imesimama wima kama nguzo za ua, ile ya pembeni huzunguka na kupotea nyuma ya chupa, basi izungushe chupa taratibu hadi katikati ya milia ikukabili sawasawa. Ikiwa imelala kama vipandio vya ngazi, hapo mviringo hauna madhara. Kitu kitokacho kwenye friza kifute jalidi kwanza.

Ukifanya yote hayo na bado simu imekataa, ziandike tarakimu 13 kwa mkono katika nafasi ya kutafutia. Hilo ndilo alilopaswa kufanya binti yetu. Kuandika nambari na kuandika jina ni mambo mawili tofauti kabisa. Jina moja la peremende laweza kubebwa na pakiti kumi za nchi kumi, kila moja na viungo vyake. Nambari ni ya pakiti hiyo na ndugu zake wa tumbo moja tu.

Na kuna nambari moja ambayo hamtapata jibu lake hata mkeshe. Zile stika ambazo duka kubwa huchapisha lenyewe baada ya kupima nyama au jibini kwenye mizani, aghalabu huanza na tarakimu 2. Hizo ni nambari za matumizi ya ndani ya duka hilo. Nje ya mlango wake hazina maana. Basi tazameni mambo yalivyo: nyama, ambayo ndiyo ihitajiyo uangalifu zaidi katika vyakula vyote, ndiyo simu isiyoweza kuisemea lolote. Nyama huulizwa kwa ulimi: nani amechinja, na imetoka wapi?

JIBU LATOKA KWA NANI?

Simu ikishapata nambari, programu huipeleka katika hazina ya habari iliyojazwa na watu. Iko hazina mashuhuri ijulikanayo kama Open Food Facts, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2012, ambayo ni wazi kwa kila mtu: wenye kujitolea hupiga picha za pakiti, huandika viungo, na wengine huwasahihisha. Nyingine ni za kampuni, na haijulikani daima nani amejaza. Zote zina maradhi mawili. La kwanza, bidhaa za Ulaya zimejaa tele, za kwetu ni chache. La pili, mtengenezaji hubadilisha viungo wakati wowote, na picha ya miaka mitatu nyuma hubaki ikijibu maswali ya leo.

Maradhi ya tatu hayamo katika hazina, yamo katika rangi. Programu huchukua orodha ya viungo ikaipa rangi nyekundu, manjano au kijani, na nani aliyeamua kwamba kiungo fulani ni chekundu? Chukua E471, ambayo imo katika mikate, siagi ya mimea na barafu tamu. Asili yake ni mafuta, na mafuta hayo yaweza kuwa ya mimea au ya mnyama. Nambari peke yake haisemi. Programu moja yaipa manjano, nyingine nyekundu. E120 ni rangi nyekundu itolewayo kwa wadudu, na katika madhehebu yetu ya Shafii wadudu hawaliwi, ilhali Wamaliki wana kauli nyepesi zaidi kuhusu wadudu. Gelatini nayo hutolewa katika ngozi na mifupa. Wako wanavyuoni, hasa wa Kihanafi, waonao kwamba kitu najisi kikigeuka kabisa kikawa kitu kingine, hukumu yake hugeuka nacho. Shafii wamelifunga mlango jambo hilo isipokuwa katika mambo machache, kama pombe ijigeuzayo yenyewe kuwa siki, na ngozi ya mzoga ikishatengenezwa, isiyo ya mbwa wala nguruwe. Kwa hiyo hata pakiti iliyoandikwa "gelatini ya ng'ombe" haijatutosheleza sisi mpaka ijulikane kuwa ng'ombe huyo alichinjwa kisharia. Masuala haya yamejaza vitabu. Duara la rangi haliwezi kuyabeba.

Hata hivyo sipendi mtu atoke hapa akidhani nawahimiza watu wawe na wasiwasi wa kila tonge. Asili ya vyakula ni uhalali mpaka ipatikane dalili. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amepokea kwamba watu walimuuliza Mtume, rehma na amani zimshukie, kuhusu nyama waletewayo na watu waliosilimu karibuni, ambao haikujulikana kama walitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinja. Akawaelekeza wataje jina la Mwenyezi Mungu wao wenyewe, wale. Hakuwaambia wafanye uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Lakini pia ndiye aliyepita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikapata umajimaji, akamuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Basi tuko baina ya mawili hayo: hatupekui palipositirika, wala hatutosheki na sura ya juu.

YALIYO KARIBU NASI

Kabla ya kuuliza hazina ya Ulaya, tuanze na vilivyomo mkononi. Soma viungo kwa macho yako. Vimeandikwa, ingawa kwa herufi za sisimizi, na hapo kamera ya simu yafaa kuliko programu zote: piga picha, ikuze. Tazama muhuri wa halali, na usitosheke na neno tupu la Kiarabu ndani ya duara, kwani neno hilo mchapishaji yeyote aweza kulichapa. Muhuri wa kweli hutaja taasisi iliyoutoa, na taasisi huulizwa.

Kwa ubora wa bidhaa, KEBS imetupa njia isiyohitaji hata simu ya kisasa. Chini ya alama ya ubora huwa na nambari ya kibali. Andika herufi SM, kisha alama ya #, kisha nambari hiyo, utume ujumbe kwa 20023. Utajibiwa jina la bidhaa, la mtengenezaji, na kama kibali kingali hai. Ukitumiwa jina la unga ilhali umeshika mafuta, umekwisha kujua. Maji ya chupa, soda na sharubati huwa na stempu ya ushuru, nayo husomwa kwa programu ya KRA iitwayo Soma Label. Akina mama wanaonunua maji kwa katoni kwa ajili ya harusi na hitima wangeitumia mara moja moja wasingepoteza kitu.

Ile miraba yenye vidoto vyeusi, msimbo wa QR, ni jambo jingine. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatia vipuri vya magari. Ina uwezo wa kubeba maneno mengi, na hata ikichafuka kiasi husomeka bado. Lakini uwezo huo ndio hatari yake. Milia ya pakiti ni nambari tu. Mraba waweza kubeba anwani ikupelekayo mahali usipopajua. Huu ni wakati wa sadaka, na mabango ya kuchangia yatima, visima na futari yamebandikwa kila kona. Mwizi hana haja ya kutengeneza bango. Humtosha stika moja ya mraba wake, akaibandika juu ya mraba wa haki. Papasa kwa ukucha kabla ya kusoma. Ukiona ukingo ulioinuka, acha. Simu ikionyesha anwani au jina la mpokeaji, lisome kabla ya kubonyeza, na likiwa si jina la msikiti au la taasisi unayoijua, rudisha simu mkobani. Nambari yako ya siri usiiandike popote ulipopelekwa na mraba.

Na kuna hila moja ambayo imewafedhehesha watu wa heshima. Mtu hukuambia fungua WhatsApp usome mraba huu ili upate zawadi, au uingie katika kikundi cha darsa. Mraba ule ni wa kuunganisha simu yako na kompyuta yake. Ukiusoma kwa njia hiyo umempa funguo za nyumba, atasoma mazungumzo yako na kuona picha za wanao na za harusi zenu za ndani. Nendeni leo katika sehemu ya vifaa vilivyounganishwa ndani ya WhatsApp; mkikuta kifaa msichokitambua, kiondoeni.

TURUDI KWENYE PEREMENDE

Tuliilaza ile pakiti mezani, mimi nikivuta pembe mbili na mama mbili, binti akasimama kwa kiasi cha shibiri. Mara ya pili simu ikalia. Programu ikasema haina habari za bidhaa hiyo. Tukalinganisha tarakimu zilizokuwa mezani na zile za picha aliyoichagua binti: hazikuwa moja. Ile ya picha ilikuwa ya pakiti iuzwayo Ulaya, jina lile lile, dubu wale wale, viungo vingine. Tukakuza maandishi ya pakiti yetu. Gelatini ya ng'ombe. Kulikuwa na muhuri wa halali wenye jina la taasisi, nami nikawauliza. Jibu lilikuja kesho yake kwamba cheti kipo na muda wake haujakwisha.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama yatosha kufuta picha katika vikundi. Nikamwambia kwamba aliyoyaona picha amekwisha kuyaona, na kufuta hakuwafikii waliokwisha kupeleka mbele. Aya ya sita ya Sura ya al-Hujurat imetuamuru tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukawa wenye majuto, na hapa majuto yalikuwa yamekwisha kufika. Iliyobaki ni haki ya mja, nayo haifutwi kwa istighfari peke yake hadi mwenyewe aridhishwe. Aliandika ujumbe mwingine mbele yangu, akataja duka kwa jina kama alivyolitaja mwanzo, akasema amekosea, akaambatisha picha ya muhuri. Kisha wakaenda dukani wote wawili kwa miguu.

Sikuwako, ila nimesimuliwa na mwenye duka mwenyewe. Alisema alikuwa na uchungu wa siku nne na alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia, lakini alipomwona mtoto analia akayasahau. Aliwataka jambo moja tu. Akamwambia binti, "Mwanangu, wewe wajua mambo ya simu. Iandikie basi hiyo programu, na mwingine akiuliza ijibiwe kweli."

Binti akaketi juu ya kasha la soda, akapiga picha ya mbele, ya nyuma, ya viungo na ya muhuri, akaziingiza Open Food Facts, nambari akiitaja kwa sauti tarakimu baada ya tarakimu na mwenye duka akimfuatilia kwa kidole pakitini. Wakamaliza peremende, wakaingia kwenye biskuti. Mpaka adhana ya Magharibi walikuwa wameingiza bidhaa kumi na moja, na wakafuturu pale pale dukani.